Tuliikagua Nyumba Kiangazi

Ukinunua nyumba upande wa mashariki wa Nairobi, mambo ya hati mwachie wakili mzuri. Wewe shughulika na maji: yanayoingia kwa bomba, yanayotoka chooni na yanayoshuka kutoka mbinguni. Hayo hayaandikwi kwenye mkataba wowote, na ndiyo yaliyotutoa jasho na pesa tangu tuhamie Utawala.

Tulikuwa tumepanga mtaa wa Umoja, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya nne, na watoto wawili: binti wa miaka mitano na mdogo wake aliyekuwa ameanza kutembea na kukimbilia ngazi kila mlango ukifunguliwa. Landilodi alipopandisha kodi mara ya pili, mume wangu akasema basi, heri pesa hizo zilipe kitu chetu. Akiba ilikuwa kwenye sacco, si haba lakini si ya kujivunia. Tukaanza kuzunguka Jumapili baada ya ibada: Ruai, Syokimau, Mlolongo, Ruiru. Kwingine bei ilitushinda, kwingine barabara. Januari 2023 tukafika Utawala.

Kulikuwa kukavu kweli. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imetoka kwenye misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu, na udongo mweusi wa uani ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza kidole. Binti yetu alidondosha kifuniko cha chupa kwenye ufa mmoja, akachuchumaa kukichokoa kwa kijiti, asikipate. Mimi nilikuwa nafungua kabati za jikoni. Nyumba ilivutia: vyumba vitatu, mabati ya rangi, ploti ya futi arobaini kwa themanini, ukuta wa mawe pande zote. Wakala alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa nguvu, akaliacha wazi kidogo ili tuone vizuri. Bei ilianzia milioni 7, tukavutana hadi milioni 6.8.

Kuhusu hati nitasema machache, kwa sababu huko mambo yalikwenda sawa. Ardhi nyingi huku iligawanywa na kampuni za kununua mashamba, na watu wengi wameishi miaka wakiwa na cheti cha hisa tu mkononi. Cheti cha hisa si hatimiliki. Tena hakuna aliyesahau Novemba 2011, nyumba zilipobomolewa Syokimau kwa madai kwamba zilisimama kwenye ardhi ya uwanja wa ndege, ilhali wenyewe walikuwa na makaratasi. Wakili wetu alipekua kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa rekodi za ardhi uliozinduliwa 2021 ukianzia Nairobi. Kisha tukamlipa mpima ardhi mwenye leseni alinganishe ramani ya usajili na bikoni, yaani alama za mipaka, zilizo ardhini. Moja haikuonekana, ilikuwa imefukiwa kwenye kona ya ukuta, ikachimbuliwa. Mtu akikuambia upekuzi unatosha, mjibu kwamba upekuzi unakueleza ardhi ni ya nani, haukuelezi inaanzia wapi na kuishia wapi. Wakili pia alikataa tulipe chochote kabla mke wa muuzaji hajaja ofisini kutia sahihi ya kukubali. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mtu mmoja, hata kama jina kwenye hati ni moja.

Pesa sasa. Siku ya kutia sahihi tulilipa asilimia 10, na salio lilitakiwa ndani ya siku 90, kama mikataba mingi ilivyo. Siku hizo zikapita huku tukisubiri vyeti vya kuonyesha kwamba muuzaji hadaiwi kodi ya ardhi wala reti za kaunti, na benki nayo ikichukua muda wake. Benki ilitoa asilimia 70, sacco ikaongeza mkopo wa wadhamini, kilichobaki kikawa akiba yetu na msaada wa shemeji.

Kinachowaangusha watu ni gharama za kando. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, lakini si lazima uwe wa bei mliyokubaliana. Mthamini wa serikali akipata thamani kubwa zaidi, unalipa kwa hiyo. Sisi tulikuwa tumetenga shilingi 272,000. Mthamini akaweka milioni 7, tukalipa 280,000. Ongeza wakili wako, wakili wa benki (naam, unamlipa wewe), mthamini wa benki, bima ya moto, bima ya maisha ya mkopo na ushuru wa kusajili dhamana. Zote zikapita laki tano, taslimu, hata kitasa hatujanunua. Benki yetu haikukopesha pesa hizo. Kama akiba yako yote imeingia kwenye ile asilimia 30 unayochangia mwenyewe, bado hujawa tayari kununua.

Muuzaji naye alikuwa na kilio chake. Kodi ya faida ya kuuza mali ilikuwa imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari hiyohiyo, akataka tumbebee nusu. Kodi hiyo ni mzigo wa anayeuza. Tulikataa, akanuna, na hadi leo naamini kununa huko ndiko kulikoondoka na tanki letu.

Tulihama Agosti, watoto wakiwa likizo. Kenta moja, yaani lori dogo, ilitosha. Tafuta kenta katikati ya mwezi ikiwezekana, maana mwisho wa mwezi Nairobi nzima inahama na bei hupanda. Ukitoka nyumba ya kupanga, ipige picha kila chumba kabla ya kurudisha funguo. Sisi hatukupiga, na dipoziti yetu ikarudi nusu, nusu nyingine ikaenda kwa rangi ya kuta ambazo hata hazikupakwa.

Tulipofika, kitu cha kwanza nilichoona ni mnara wa chuma nyuma ya nyumba, umesimama mtupu. Juu yake palikuwa na tanki la lita 5,000. Bomba la kupanda na la kushuka yalikuwa yamekatwa kwa msumeno, yakazibwa kwa matambara. Fimbo za pazia nazo zilikuwa zimeng'olewa pamoja na vipande vya plasta. Mume wangu akampigia simu.

"Ndugu yangu," muuzaji akasema bila haraka, "mimi niliwauzia nyumba. Tanki nililinunua kando."

Wakili alisema tunaweza kumfuata kisheria, ila kesi ingekula pesa kuliko tanki jipya. Tukanunua jipya. Kwa hiyo mkataba wako uorodheshe kila kinachobaki: tanki, pampu, meko ya gesi, hita ya maji, fimbo za pazia, milango ya ndani, na picha zenye tarehe ziambatishwe. Ukiona aibu kuandika vitu vidogo hivyo, kumbuka mwenzako hataona aibu kuving'oa.

Usiku ule watoto walilala sebuleni kwenye godoro moja, wakicheka kwa sababu sauti zilirudi kutoka kwenye kuta tupu. Sisi wakubwa tulikaa jikoni tukihesabu madumu. Jirani wa mkono wa kulia, mama wa makamo aliyekuja kutusalimia na sufuria ya githeri, akauliza tunanunua maji kwa nani.

"Si yapo ya kaunti?" nikamwambia. "Tulipokuja kuangalia yalikuwa yanatoka vizuri sana."

"Siku mlipokuja na yule wa kuuza? Boza la maji, lile lori la tanki, liliingia hapa asubuhi hiyo, mama. Nililiona likigeuza."

Maji ya kaunti huku ni ya mgao. Yana siku zake, na zipo wiki siku zake zinapita. Katikati unanunua ya boza, lita 10,000 kwa mkupuo, ambayo mara nyingi hutoka kisimani. Kwa hiyo unapokagua nyumba, usifungue bomba la jikoni. Fungua lile lililo kando ya mita, kabla maji hayajapita kwenye tanki, na uende siku ya mgao na siku isiyo ya mgao. Omba bili za maji za mwaka mzima. Bili ndogo katika nyumba yenye familia haimaanishi kwamba wanabana matumizi, inamaanisha hawayapati.

Hayo tungeyamudu kama mshahara ungebaki ulivyokuwa. Mkopo tuliupigia hesabu Februari. Kufikia Julai asilimia 1.5 ya mshahara ikaanza kukatwa kwa ajili ya ushuru wa nyumba za gharama nafuu (nilicheka, nikiwa na funguo za nyumba isiyo nafuu hata kidogo), VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, na nauli ikafuata. Desemba Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, Februari 2024 ikafika 13. Mkopo wetu ulikuwa wa riba inayobadilika, na barua ya benki haikukawia. Tukapunguza nyama, tukamtoa binti kwenye basi la shule, baba yake akawa anampeleka kwa miguu kabla ya kwenda steji. Kabla ya kutia sahihi, mwulize afisa wa mikopo akupigie hesabu ya malipo riba ikipanda kwa pointi tatu. Ukiona hesabu hiyo haiingii kwenye mshahara, tafuta nyumba ndogo. Jambo jingine ambalo halikusemwa na mtu yeyote benki: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hupunguza kiasi cha mshahara kinachotozwa kodi. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na tangu mwisho wa 2024 ni 30,000. Mpelekee mwajiri cheti cha riba, usingoje akuulize.

Mvua ya El Niño ilianza mwishoni mwa Oktoba. Siku za kwanza tulifurahi kama kila mtu. Ule udongo uliokuwa umepasuka ukafunga, ukawa tope la kung'oa viatu. Udongo mweusi wa nyanda hizi hunywa maji polepole ukavimba, na ukishashiba haupitishi tena. Mabomba ya majitaka hayajafika mtaa wetu, kila nyumba ina tanki lake la choo na shimo la kunyonya maji. Shimo hilo hutegemea udongo unaolizunguka. Udongo ukishiba, maji yake yataenda wapi?

Yalirudi ndani. Ilikuwa wikendi ambayo mama mkwe alikuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza, na dada zake wawili. Asubuhi choo kilianza kunguruma, kisha tundu la sakafu ya bafu likatema maji ya rangi ambayo sina haja ya kuieleza. Nilisimama pale na ufagio, nikafunga mlango, nikalia. Mama mkwe akabisha. Nilipofungua, akapandisha leso yake, akachukua ndoo, akasema, "Hata kwetu choo kilizama mwaka wa sabini na saba. Lete majivu." Majivu hatukuwa nayo, tunapikia gesi, lakini nilimpenda sana siku hiyo.

Lori la kunyonya, hapa tunaliita eksosta, lilikuja kwa shilingi elfu nane. Baada ya wiki mbili tanki lilikuwa limejaa tena. Lori likaja, tukalipa, likajaa. Tulikuwa tunalipa kunyonyewa mvua. Fundi mmoja alitaka tuchimbe shimo lenye kina maradufu, akataja bei ya kutisha. Mwingine, mzee mwenye kofia ya mjengo iliyofifia, alizunguka uani kimya, akainua mfuniko wa tanki, akaonyesha kwa kidole.

"Madam, shimo halina kosa. Mfuniko uko chini ya usawa wa ua, maji ya mabati yote yanaingia hapa. Na ukichimba chini zaidi, udongo ni huohuo. Maji ya huku hutafutiwa upana."

Akatufanyia hivi. Aliinua shingo ya tanki kwa matofali hadi juu ya ua na kuiziba kwa saruji. Maji ya kufulia na ya kuoga akayatenga, yaende kivyake. Mahali pa shimo la kina akachimba mtaro mpana usiofika kiunoni, akaujaza kokoto, na kando yake tukapanda migomba, ambayo hunywa maji mchana kutwa. Maji ya paa yakapewa gata, yaani mfereji wa pembeni mwa paa, na tanki lake. Kazi yote ilitugharimu pungufu ya nusu ya bei ya yule fundi wa kwanza. Ukitaka kujenga au kununua eneo lisilo na bomba la majitaka, muulize muuzaji tanki liko wapi, lilinyonywa lini, na uinue mfuniko mwenyewe mvua ikiwa imenyesha.

Nyufa za ukuta zilikuja baada ya mvua kukatika, udongo uliovimba ulipoanza kunywea. Ufa ulianza kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto ukapanda kimshazari. Milango miwili iliyokuwa ikikwama Novemba ikaanza kufunga vizuri Februari. Mume wangu alikuwa tayari kuita mtu apake plasta, lakini mhandisi tuliyemwomba atupie jicho akakataza. Alichora kistari cha penseli mwisho wa ufa, akaandika tarehe, akasema tuache msimu mzima upite. Ufa unaofunguka na kufunga kwa misimu ni wa udongo. Unaozidi tu kusonga mbele ni wa msingi, na huo ndio wa kukukosesha usingizi. Wetu ulikuwa wa aina ya kwanza. Dawa yake ni kufanya udongo unaozunguka nyumba usilowe na kukauka kupita kiasi: tulimwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, wenye mteremko wa kutoka ukutani, na tukang'oa mkaratusi uliopandwa karibu na chumba chetu. Kwa anayejenga upya ni rahisi zaidi, udongo mweusi wote unaondolewa hadi sehemu ngumu, panajazwa mawe na moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Usimruhusu mkandarasi akuambie ameondoa "kiasi". Nenda ukasimame kwenye mtaro wa msingi kabla haujafukiwa.

Kuhusu maji ya kunywa, hapa nawaomba wenye watoto wadogo wasipite haraka. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya boza letu tulipoyapeleka maabara yalikuwa zaidi ya hapo. Floraidi nyingi hutia meno madoa ya kahawia wakati meno ya kudumu yanapojijenga ndani ya fizi, yaani miaka ileile ya utotoni, na doa hilo halisuguliki. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Chujio la kawaida la mishumaa ya kauri nalo haliitoi. Yetu ya kunywa na kupikia sasa ni ya mvua, yaliyochujwa na kuchemshwa, na yakiisha tunanunua yaliyosafishwa kwa mtambo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 usiku mmoja, hizo ni lita 2,000 za bure. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uelekeze maji tankini.

Masika ya 2024 yalikuja na mafuriko ambayo kila mtu wa Nairobi anayakumbuka, mitaa ya kando ya mito ikasombwa na watu wakapoteza maisha. Sisi tulipata tope mlangoni na ukuta wa nyuma ukainama kidogo. Choo hakikurudi. Eksosta tuliiita mara moja tu, Machi, kabla mvua hazijashika, na ndipo nilipoanza kuongea na dereva wake. Anazunguka kutoka Utawala hadi Ruai, na anajua nyumba moja moja: hapa tanki limejengwa kwa mawe yasiyopigwa plasta, pale wapangaji ni wengi kuliko shimo, kule barabara ya ndani haipitiki Mei. Hakuna wakala anayeyajua haya, na anayeyajua hatayasema.

Shemeji yangu alipopata nyumba Ruai mwaka jana, yenye geti jipya na vigae hadi sebuleni, nilimpa namba ya dereva huyo kabla ya namba ya wakili. Akampigia, akamweleza ilipo, karibu na kanisa, geti la kijani.

"Ile ya geti la kijani?" dereva akamjibu. "Hiyo naijua vizuri, bosi. Msimu wa mvua naenda kila baada ya wiki mbili."

Shemeji bado amepanga mtaa wa Pipeline, anaendelea kutafuta.